Masika yaja, mwatiko wako yuko salama?

"Bwana samaki, kuku wangu nawatia matone ya kideri jichoni. Huyu naye chanjo yake inauzwa wapi?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa amesimama kwenye tuta la bwawa lake, kashika mwatiko aliyekufa alfajiri ile. Nilimwomba amgeuze. Chini ya mapezi damu ilikuwa imevilia. Ubavuni magamba yalikuwa yametoka, eneo la ukubwa wa sarafu, na hapo nyama imeshaanza kuwa kidonda. Siku tatu kabla walikokota wavu kupunguza samaki wa kuuza, na wadogo wakarudishwa majini.

Swali lake ni la haki, na chanjo za samaki wa baharini zipo. Wafugaji wa samoni wa Norway walisumbuliwa na bakteria mpaka mwaka 1987 wakatumia karibu tani 50 za antibiotiki. Chanjo ndizo zilizowaokoa, hasa ile yenye mafuta iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hudungwa tumboni, samaki mmoja mmoja, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi kabla ya kupelekwa baharini. Siku hizi nchi hiyo inavuna zaidi ya tani milioni 1 za samoni kwa mwaka, na antibiotiki za mwaka mzima hazifiki tani 1. Ugiriki na Uturuki, vifaranga wa sibasi huchovywa katika maji yenye chanjo kwa sekunde 30 hadi 60, basi.

Lakini chanjo humjua adui wake mmoja. Ya kideri haimkingi kuku na ndui, na ya samoni ilitengenezwa kwa bakteria wa maji baridi ya kule. Kwa mwatiko wa mabwawa yetu hakuna chupa ya kununua dukani. Atakayekuletea moja, muulize ni ya bakteria gani. Akibabaika, aondoke nayo.

Kwa hiyo kinga ya msimu huu iko mikononi mwako. Bakteria waitwao vibrio wako katika maji ya bahari siku zote. Wanachosubiri ni kidonda, au samaki aliyechoka, na masika huleta uchovu huo kwa wingi. Mvua kubwa ikipiga usiku, maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ya chini hukosa hewa. Asubuhi fungua lango, toa mbao za juu peke yake, maji ya mvua yatoke na ya chumvi yabaki. Matuta nayo, hasa yaliyochimbwa kwenye udongo wa mikoko, yakikauka wakati wa kaskazi hujenga tindikali, na mvua za kwanza huiosha yote ndani ya bwawa. Mwaga chokaa ya kilimo kwenye kingo sasa hivi, kabla wingu halijafunga.

Uvuvi wa kupunguza umalize mapema, saa ya ubaridi, mikono ikiwa imelowa. Magamba ya mwatiko hutoka upesi mno. Vifaranga wapya kutoka madimbwi ya mikokoni wakae kwanza peke yao, uwaangalie, ndipo wachanganywe na wenzao.

Vifo vikitokea, tazama vinavyokuja. Samaki wote wakihema juu ya maji alfajiri, na wakubwa wakatangulia kufa, hiyo ni hewa. Badili maji mara moja. Wakifa wawili leo, watano kesho, wanane keshokutwa, huo ni ugonjwa. Andika idadi daftarini kila siku. Tafadhali usikimbilie antibiotiki za kuku kuchanganya na chakula: samaki mgonjwa hali, kwa hiyo dawa italiwa na wazima na nyingine itazama topeni, na bakteria watajifunza kuizoea. Mpelekee ofisa uvuvi samaki wawili watatu wagonjwa walio hai bado. Ikishindikana, waliokufa muda huohuo, ndani ya barafu bila kugandishwa. Bila kumjua kijidudu, hata chanjo ya kesho haitapatikana.

Mizoga izike mbali kwa chokaa, usiitupe mkondoni. Maji unayoyatoa wakati wa kupwa ndiyo atakayoyaingiza jirani yako bahari ikijaa. Chile walilijua hili kwa machungu: kuanzia mwaka 2007 virusi vya samoni vilihama kutoka vizimba hadi vizimba, na mavuno ya samoni wa Atlantiki yakashuka kwa zaidi ya nusu. Baadaye wafugaji wakagawanywa kwa mitaa ya bahari, kila mtaa ukipumzisha maji yake kwa pamoja. Wenye mabwawa ya mkondo mmoja wanaweza kukubaliana hivyo hivyo kabla ya bamvua ijayo: mwenye wagonjwa awaambie wenzake, nao wafunge malango.

Jambo la mwisho ni mikono yako. Vibrio wengine huingia kwa binadamu kupitia mkato mdogo tu. Mama yule alikuwa na kidole kilichochomwa na mwiba wa samaki, nikampa glavu zangu kabla hatujapasua wa pili.