Kijana amfunze mwenzake, lakini asiachwe peke yake

Jumatatu moja jioni, nikijiandaa kufunga zahanati, msichana wa shule wa miaka 16 aliingia akiwa amemshika mkono mwenzake wa miaka 14. Aliyezungumza ni yule mkubwa. "Daktari, huyu alinajisiwa Jumamosi usiku. Saa 72 bado hazijaisha."

Yule mdogo alikuwa amemsihi asimwambie mtu yeyote, hasa mama yake. Mwenzake alikataa kutoa ahadi hiyo. Nilipomuuliza habari za saa 72 alizitoa wapi, alisema yeye ni mmoja wa waelimishaji rika katika shule yao, na kwamba muuguzi aliyewafunza aliwakaririsha mambo mawili: hesabu ya saa, na kutoahidi siri mtu anapodhulumiwa. Usiku huo huo mama aliitwa, na mtoto akaanza kutibiwa katika hospitali ya serikali.

Mpenzi msomaji, nimeficha mengi yanayoweza kuwatambulisha wasichana hao. Lakini kisa chenyewe nakileta kwako kwa sababu kinajibu swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara: je, ni vyema matineja kufunzana wenyewe shuleni mambo ya kubaleghe, mimba na magonjwa ya zinaa?

Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti.

Kwa nini rika?

Zamani kazi hii ilikuwa na wenyewe. Pwani, mwari alikuwa na somo au kungwi wake. Bara, nyanya, shangazi na wazee wa jando walijua la kusema na wakati wa kulisema. Leo nyanya yuko mashambani, shangazi yuko kazini, na mzazi huona haya. Mwalimu naye ana silabasi ya kumaliza. Anayebaki ni rafiki wa darasani.

Yaani watoto wetu hufunzana, tupende tusipende. Wanaokuja kwangu huniambia waliyosikia: kwamba msichana hapati mimba mara ya kwanza, kwamba kuoga baada ya kujamiiana huzuia mimba, kwamba mwenye virusi vya ukimwi hutambulika kwa kukonda. Yote hayo ni uongo, na yote yamefunzwa na rika. Basi tunachoweza kuchagua ni kama mwalimu huyo wa rika atakuwa amefunzwa au la.

Gharama ya uongo huo si ndogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 15 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshapata mimba. Katika kaunti ya Samburu walikuwa nusu.

Utafiti wasemaje?

Nchini Uingereza, shule 27 zilishiriki katika utafiti ulioanza mwaka 1997. Katika baadhi yake, wanafunzi wa miaka 16 na 17 walifunza wenzao wa miaka 13 na 14. Katika nyingine walimu waliendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Wanafunzi walipendelea kufunzwa na wenzao. Miongoni mwa wasichana waliofunzwa na rika, asilimia 35 walisema walikuwa wameanza kujamiiana kufikia umri wa miaka 16, ilhali kwa wale wa walimu walikuwa asilimia 41. Kwa wavulana hakukuwa na tofauti. Wasichana hao walipofuatiliwa hadi miaka 20, idadi ya waliotoa mimba haikutofautiana.

Karibu nasi, mkoani Mwanza, Tanzania, mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999. Walimu wa shule za msingi walifunza wakisaidiwa na wanafunzi waliochaguliwa na wenzao, pamoja na michezo ya kuigiza. Baada ya miaka mitatu vijana walikuwa na maarifa zaidi. Hata hivyo, maambukizi ya virusi vya ukimwi na mimba havikupungua. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2007 na 2008 ulipata vivyo hivyo.

Mimi nasoma matokeo hayo hivi: rika hufungua mlango, lakini maarifa peke yake hayamkingi mtoto. Mara nyingi anayemwambukiza au kumpa mimba msichana si mwanafunzi mwenzake bali ni mtu mzima mwenye pesa, pikipiki au mamlaka juu yake.

Jambo hilo lilionekana wazi magharibi mwa Kenya mwaka 2004. Katika shule 71 za msingi, wanafunzi wa darasa la nane walipewa somo la dakika 40 tu, ambamo walielezwa kwamba wanaume wenye umri mkubwa wana uwezekano zaidi wa kuwa na virusi kuliko wavulana wa rika lao. Mwaka uliofuata, uzazi miongoni mwa wasichana hao ulipungua kwa asilimia 28. Somo lile halikutolewa na rika, bali na mgeni aliyetumwa shuleni. Hivyo basi, linalosemwa lina uzito sawa na anayelisema.

Afunzwe nini?

Mwelimishaji rika si daktari mdogo. Yafaa ajue mambo machache, lakini ayajue barabara:

1. Mabadiliko ya mwili, hedhi, na jinsi mimba inavyotungwa. Msichana aweza kushika mimba mara ya kwanza, hata kabla ya kuona hedhi yake ya kwanza.

2. Kusubiri ndiyo kinga kamili, na kijana ana haki ya kukataa. Anayeshindwa kusubiri ajue kwamba kondomu ikitumiwa sawasawa kila mara hupunguza sana hatari ya mimba na ya maambukizi.

3. Kisonono na klamidia huweza kukaa mwilini bila dalili, hasa kwa wasichana, na visipotibiwa huweza kuleta utasa. Virusi vya ukimwi hutambuliwa kwa kupimwa damu, si kwa macho. Dawa zake haziviondoi mwilini, lakini humwezesha mtu kuishi maisha marefu.

4. Aliyenajisiwa apelekwe hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita na humezwa kwa siku 28. Za kuzuia mimba huweza kutumiwa hadi saa 120, lakini kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Matibabu haya ni bure katika hospitali za umma, na hayangoji fomu ya P3 ya polisi.

5. Aliyepata mimba hajafika mwisho wa masomo. Tangu mwaka 1994, sera ya serikali inamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua.

Mipaka yake

Mtoto hapaswi kubebeshwa mzigo wa mtu mzima. Mwelimishaji rika asigawe tembe wala kutaja ugonjwa wa mwenzake. Kazi yake ni kumsindikiza hadi kwa mwenye ujuzi. Aidha, asimulize mtu yaliyompata wala asitangaze aliyoambiwa. Lakini akisikia kwamba mwenzake anadhulumiwa, hiyo si siri tena. Amwambie mtu mzima anayemwamini, au apige simu 116, laini ya bure ya watoto.

Nyuma yake wawepo mwalimu wa ushauri na muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, wanaokutana naye kila wiki. Wachaguliwe wavulana na wasichana, tena na wenzao, si viranja pekee. Kuwe na sanduku ambamo maswali hutiwa bila majina. Na vipindi vingine wavulana na wasichana watengwe, maana kuna maswali ambayo msichana hatayauliza mbele ya wavulana.

Mzazi, uliza

Shule ikikuambia mtoto wako amechaguliwa, usimzuie kwa hofu. Wala usikubali bila kuuliza. Uliza: nani aliwafunza, na kwa siku ngapi? Mtoto akipata jambo zito, anamwendea nani siku hiyo hiyo? Kituo cha afya mnachowaelekeza kinawapokea vijana bila kuwafokea?

Swali hilo la mwisho latuhusu sisi matabibu. Nimeona wasichana wakigeuka mlangoni kwa sababu ya maneno ya anayewapokea. Kazi yote ya mwelimishaji rika huishia hapo.

Kisha jiulize wewe mwenyewe: yule mtoto wa miaka 14 alimwendea rafiki kabla ya mama. Wako angekwenda kwa nani? Mficha uchi hazai, na mzazi anayeona haya kutaja hedhi au ukimwi mezani pake asishangae anapokuwa wa mwisho kuambiwa.

Anza na jambo dogo. Leo jioni mwambie mwanao habari za saa 72. Huenda asizihitaji kamwe. Lakini ana rafiki, na rafiki huyo naye ana dada.