SOMO: GARI LA CHAMA LINAPOPIGWA STATA LISIWAKE



Somo la toleo hili linahusu gari, ingawa nililipata ndani ya vitabu vya hesabu. Nilikuwa nikikagua chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, nikakuta hati tatu za malipo zinazofuatana: ya kwanza ya betri mpya, ya pili ya kusukwa upya kwa stata, na ya tatu ya kukodi gari la mtu binafsi kupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea. Nilipouliza pikapu ya chama iko wapi, nilionyeshwa chini ya mwembe nyuma ya ofisi, kuku wamelala uvunguni mwake. Ilikuwa haijawaka kwa siku tisa. Katika siku hizo gari la kukodi lilichelewa mara mbili, maziwa yakachachuka ndani ya mikebe, kituo kikayakataa, na wanachama wakarudishiwa mikebe yao bila senti moja. Kadhalika, katika muhtasari wa kikao cha Kamati nilisoma kwamba dereva amesimamishwa kazi kwa kuwa anashukiwa kuuza dizeli na kujazia maji kwenye tangi.

Nakiri kwamba nilianzia pale ninapopajua. Nililinganisha daftari la safari na stakabadhi za mafuta, kilomita kwa lita, nikakuta hesabu inakwenda sawa. Kisha nilichota dizeli kidogo kutoka chini ya chujio, nikaitia katika chupa nyeupe na kuiacha itulie mezani kwa Katibu tulipokuwa tukinywa chai. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hushuka na kukaa chini, na mstari wa kuyatenga huonekana waziwazi. Katika chupa ile hapakuwa na mstari. Basi nikaomba dereva aitwe.

Alipofika alisema neno moja tu la maana. "Bwana Mkaguzi, nikipiga stata inazunguka kwa nguvu zote, lakini kwenye ekzosi haitoki hata harufu ya moshi." Alikuwa amelisema neno hilo hilo mbele ya Kamati. Muhtasari uliandika tuhuma, maneno yake haukuyaandika.

Hapa ndipo somo letu linapoanza. Injini inapozunguka kwa kasi yake ya kawaida, betri na stata zimekwisha kutimiza kazi yao, na kuzinunulia mbadala ni kuitupa fedha ya wanachama. Mambo ni tofauti iwapo inazunguka kwa unyonge, au inalia "tiki, tiki" bila kuzunguka. Hapo tazama kwanza vichwa vya betri kama vimelegea au vimeota unga mweupe, maana mara nyingi kuvisafisha na kuvikaza kunatosha. Injini ya dizeli hasa haiwaki ikizunguka polepole. Lakini inayozunguka vizuri isiwake inakosa kimojawapo kati ya vitu vichache: mafuta, hewa iliyoshindiliwa sawasawa, na moto kwa wakati wake.

Injini ya petroli hupata moto kutoka kwenye cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche: hewa hushindiliwa mpaka kufikia kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya awali, ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inaponyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa sababu hiyo, ekzosi ya gari la dizeli ni shahidi mwema kuliko mtu yeyote. Mtu mmoja apige stata, mwingine asimame nyuma. Ukitoka moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu kali, mafuta yanafika lakini hayaungui. Chunguza plagi za kupashia joto, ambazo mafundi wengi huziita hita, au mgandamizo wa injini iliyochakaa. Usipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki kabisa, na kazi yako ni kuyafuata njiani tangu kwenye tangi mpaka kwenye pampu ya nozeli.

Njia hiyo si ndefu. Kwanza chovya kijiti safi ndani ya tangi, kwa kuwa mshale wa kuonyesha mafuta hudanganya. Fungua kifuniko cha tangi usikilize. Hewa ikivutwa ndani kwa kishindo, tundu la kupumulia limeziba na tangi lilikuwa linanyonywa bila kupata hewa. Halafu tazama chujio. Likiwa limebadilishwa karibuni, au kama gari liliishiwa mafuta barabarani, bila shaka hewa imeingia kwenye mirija. Katika injini za zamani hutolewa kwa kulegeza skrubu iliyo juu ya chujio na kubonyeza pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, kisha skrubu ikakazwa pampu ikiwa bado inabonyezwa.

Lazima nionye jambo moja hapa. Fundi wa zamani huwa na desturi ya kulegeza nati ya mrija wa nozeli wakati stata inapigwa ili aone kama mafuta yanaruka. Katika magari mapya ya dizeli, ambayo nozeli zake zinaongozwa na kompyuta, jambo hilo ni marufuku. Mgandamizo wa mafuta humo unaweza kupita mara elfu moja ya ule wa hewa tunayovuta, na uzi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi ya mkono kama sindano. Jeraha la namna hiyo huonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitali siku ile ile.

Gari la petroli lina dalili zake. Likiwa ni la kisasa, fungua swichi bila kupiga stata na utege sikio upande wa tangi: pampu yapasa ivume kwa sekunde mbili hivi. Isipovuma, tazama fyuzi yake, na rilei yake jaribu kuibadilisha na nyingine ya aina ile ile iliyomo katika kisanduku hicho hicho. Katika gari la kabureta na pointi, asubuhi ya mvua aghalabu adui ni unyevu ndani ya kifuniko cha distributa. Kitambaa kikavu ndicho dawa. Plagi zikitoka zimelowa petroli, injini imelewa mafuta: kanyaga pedeli mpaka chini, usiipampu, kisha piga stata. Na palipo na taa ndogo ya alama ya ufunguo inayomwekamweka kwenye dashibodi, huenda gari halikuutambua ufunguo wake, basi jaribu ule wa akiba. Nimeona vyama viwili ambavyo ufunguo wa akiba haujulikani uliko, ilhali kabati la fedha lina funguo tatu.

Dalili moja hairuhusu majaribio. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa mvumo wa namna moja kama feni, yawezekana mkanda wa taimingi umekatika. Acha mara moja. Katika injini nyingi pistoni zitagonga valvu, na hasara iliyokuwa ya mkanda itakuwa ya injini. Hata pasipokuwa na dalili hiyo, stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mkupuo mmoja, nayo ipumzishwe dakika nzima, la sivyo itaungua na hati ya kuisuka itakuwa ya haki. Wala mtu asimwage petroli kwenye mdomo wa kuvutia hewa wa injini ya dizeli ili "kuiamsha".

Turudi chini ya mwembe. Fundi wa kijiji cha jirani alikuja kwa baiskeli akiwa na taa ya majaribio na koleo. Alisikiliza habari ya moshi, hakugusa betri wala stata. Juu ya pampu ya nozeli, katika magari mengi madogo ya dizeli, pana kizibo cha umeme ambacho hufungua njia ya mafuta swichi inapofunguliwa na kuifunga inapozimwa. Alimwambia dereva afungue swichi, akaweka kidole juu ya kizibo. Hakikugonga. Waya wake mwembamba ulikuwa umeliwa na kutu kwenye kichwa, umeshikiliwa na mpira tu. Alikata sehemu iliyooza, akafunga kichwa kipya, kizibo kikagonga, na baada ya kutoa hewa pikapu iliwaka mara ya pili ilipopigwa stata. Kuku walitawanyika.

Katika taarifa yangu niliagiza kwamba hati yoyote ya kununulia kipuri iambatishwe na karatasi yenye maneno ya dereva mwenyewe: inazunguka au haizunguki, moshi upo au haupo, kuna harufu gani, lilifanyiwa nini mara ya mwisho. Mwenyekiti aliona hayo ni makaratasi mengi. Nilimwonyesha gharama ya betri na stata, nikaiweka kando ya gharama ya kichwa cha waya na ujira wa fundi, akanyamaza.

Kamati ilikutana jioni ile. Azimio la kumsimamisha dereva lilifutwa, na maneno yake yakaingizwa katika muhtasari kama alivyoyasema. Mshahara wake wa siku tisa ulilipwa siku iliyofuata kwa hati niliyoiona mwenyewe. Betri ya zamani, ambayo ilikuwa nzima, ilikutwa nyumbani kwa mjumbe mmoja ikiwasha redio, ikarudishwa stoo na kuandikwa kwenye daftari la mali.