Usimfungie Ndani, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Mbagala, shusha pumzi kwanza. Mwanao hatembei, halafu jirani mwenye watoto wazima kaandikwa TASAF, wewe ukaachwa. Inauma, na si wewe tu. Hata Tandale wananiuliza hivyohivyo.

Ukweli ni kwamba Tanzania Bara hatuna posho ya kila mwezi anayolipwa mtu kwa ulemavu wake tu. Kenya wanayo, kwenye Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao, tena kwa wenye ulemavu mkubwa. Mpango wetu wa Kunusuru Kaya Maskini, huo wa TASAF, ulioanza 2012 na kuingia awamu ya pili Februari 2020, unaangalia kaya. Umaskini kwanza, ulemavu unaongeza ruzuku kaya ikishapita. Na wanaoanza kutaja kaya maskini ni majirani zako, kwenye mkutano wa mtaa. Ndipo linakuja dodoso: nyumba ikoje, mna vitu gani, mko wangapi.

Sasa niambie, mkutanoni ulikuwepo? Na hao majirani, mtoto wanamjua? Nauliza kwa sababu tunajuana. Mgeni akipiga hodi, mtoto anasukumwa chumbani, pazia linashushwa. Mwenye dodoso anaambiwa watoto wawili, na wewe umewasha televisheni ya kuazima usionekane dhalili. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Maneno ya watu naya­jua yanavyochoma, ila karatasi inaandikwa ulichosema.

Wala usitie chumvi. Majina hurudi kusomwa mkutanoni, na mtaa mzima unajua nani ana vyumba vya kupangisha. Na kijana yeyote anayetaka elfu kumi "ya fomu", mtimue.

Halmashauri nayo hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha watu wenye ulemavu bila riba. Mkopo lakini, si sadaka! Na baba watoto akiumia kiwandani, hiyo si TASAF kabisa, ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: daktari anapima asilimia ya ulemavu wa kudumu, ikizidi 30 analipwa kila mwezi, isipozidi anapewa kwa mkupuo. Taarifa isipitishe miezi 12, tafadhali, maana nyie kwa kungoja hamjambo.

Kwa hiyo Jumatatu mvalishe mtoto vizuri, mbebe mchana kweupe, pita kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa ustawi wa jamii. Taja jina lake lote, na usiondoke hujaliona limeandikwa.