Pesa ya Dhahabu Ilale Buhemba: Namna ya Kuufufua Mtaa wa Zamani wa Mgodi

Dhahabu ya Buhemba, wilayani Butiama, imekuwa na wenyewe wengi. Wakoloni waliichimba. Baadaye mgodi ukafungwa, ukazinduka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya kampuni ya Meremeta, ukalala tena, kisha ukawa mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la taifa. Katikati ya hayo yote wachimbaji wadogo hawakuacha kuzama kwenye maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia. Kila aliyepita aliacha kitu: kuta, barabara ya vumbi, kifusi, shimo. Pesa ndiyo haijawahi kukaa. Mchimbaji anauza gramu zake asubuhi, na kabla jua halijazama ile pesa iko Musoma dukani kwa muuza vipuri, au imeshatumwa kwa simu Geita.

Mwongozo huu ni wa watu saba au kumi wa Buhemba wanaotaka mtaa wao wa mgodi uwe na biashara inayodumu hata siku mwamba ukigoma. Hauhitaji mfadhili kuanza. Unahitaji daftari.

Hatua ya 1: Ifuate noti moja

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, ketini siku tatu kwa mama ntilie aliye karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe, tangu alfajiri. Kunyweni chai, andikeni. Nani kaja na pikipiki kuuza nini? Matimba ya kuegemeza maduara yametoka wapi? Nani anachomelea nyundo za karasha zikikatika? Dagaa na sato wanaletwa na nani kutoka ziwani, na mboga?

Kisha mwombeni mchimbaji mmoja anayewaamini awaeleze alivyotumia mauzo yake ya mwisho, shilingi kwa shilingi. Tuseme alipata laki tatu. Dizeli na zebaki zimekula kiasi fulani, mwenye duara kachukua mgawo wake, mwenye karasha wake, nyumbani kwao kumetumwa kidogo. Wekeni alama kwenye kila shilingi iliyotoka nje ya Buhemba kununua kitu ambacho kingeweza kupatikana hapohapo. Orodha hiyo ndiyo mpango wenu wa biashara. Nimeona mipango mingi iliyoanza na ndoto ya hoteli ya watalii wakati mtaa mzima hauna fundi wa kuchomelea. Mchimbaji anapoteza siku nzima kwa kwenda mjini na chuma begani.

Hatua ya 2: Hesabuni kuta na mashimo

Gaweni mtaa kwa vipande, wawili wawili wapite nyumba kwa nyumba. Kila jengo la zamani lipewe namba na mistari mitatu: lilikuwa nini, nani anadai ni lake, paa likoje. Nendeni na mzee aliyewahi kufanya kazi mgodini au aliyezaliwa kwenye nyumba za kambi, maana ataonyesha palipokuwa stoo, zahanati na duka, pengine hata pale ambapo leo kuna msingi tu uliofunikwa na majani.

Msidhani sheria itawalindia majengo hayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja yale yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya mgodi wa kikoloni hayamo, labda waziri atangaze. Kwa hiyo anayeng'oa matofali ya jengo la zamani kwenda kujengea choo atazuiwa na kijiji au hatazuiwa na mtu.

Mashimo nayo yaandikwe. Duara lililoachwa wazi karibu na njia ya shule lizungushiwe miti na miiba wiki hiyohiyo, mengine yatasubiri.

Hatua ya 3: Juu ni wa nani, chini ni wa nani

Hapa ndipo miradi mingi ya maeneo ya madini inapovunjikia. Mtu anaweza kuwa na hati ya kimila ya kiwanja chake kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na bado madini yaliyo chini yakawa kwenye leseni ya mwingine. Pelekeni namba za majengo yenu Ofisi ya Madini Musoma mwulize kila kipande kimo kwenye leseni ya nani. Kama ni leseni ndogo, mwenyewe lazima awe Mtanzania, na pengine mnasali naye kanisa moja. Zungumzeni naye kabla hamjapiga bati hata moja. Akikubali, andikeni, na mtendaji wa kijiji agonge muhuri.

Hatua ya 4: Mkutano, mara mbili

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema. Ana haki, ndiyo, lakini atakuwapo? Mkutano wa saa nne asubuhi huhudhuriwa na wazee na wenye mifugo. Wachimbaji wako chini ya ardhi, wanawake wako jikoni au kwenye mwalo, panapooshewa dhahabu, wanapeta marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Halafu kuna hili lisilosemwa hadharani: mpangaji aliyetoka Usukumani au Ujaluoni hukaa nyuma kimya, kwa sababu akisimama ataambiwa yeye ni mgeni. Na ndiye mteja mkubwa wa mtaa.

Kwa hiyo fanyeni kikao cha kwanza palepale mwaloni, jioni, watu wakiwa wamenawa mikono. Msiende na mpango. Nendeni na ile orodha ya hatua ya kwanza mkaisome kwa sauti, mwulize: kipi tukianze sisi? Yatakayosemwa yapelekwe kwenye mkutano rasmi, na angalau wapangaji wawili waingie kwenye kamati. Atakayepinga aulizwe nani ananunua chai yake.

Hatua ya 5: Kodi kwanza, rangi baadaye

George Town, mji ulio kwenye kisiwa cha Penang nchini Malaysia, una mitaa ya maduka ya Wachina ya enzi za Waingereza: chini duka, juu nyumbani. Udhibiti wa kodi za nyumba hizo ulikoma mwaka 2000, na mwaka 2008 UNESCO ikautia mji kwenye Urithi wa Dunia. Kuta zikang'aa, mikahawa na hoteli ndogo zikafunguliwa, na wapangaji wengi wa miaka mingi, mafundi na wachuuzi walioufanya mtaa uwe mtaa, wakahama kwa kushindwa kodi.

Buhemba si Penang, lakini mwenye fremu ya duka ni mwenye fremu popote. Mkishatengeneza mtaro na taa, atapandisha. Basi kabla ya kazi yoyote ya pamoja mbele ya fremu yake, asaini kwamba mpangaji aliyepo atabaki na kodi haitaongezwa kwa, tuseme, miaka mitatu. Asiyesaini, mtaro uishie kwa jirani yake.

Hatua ya 6: Pesa zilipo

Fungu la kwanza ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vyenu visajiliwe kwa afisa maendeleo ya jamii, na andiko liwe la kitu kimoja: mashine ya kuchomelea, au jokofu la samaki. Pili, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Mwulizeni diwani mpango wa mwaka huu unasemaje kuhusu Buhemba, na mwombe kuuona kwa macho. Tatu ni ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo, unaokwenda halmashauri ya wilaya ya Butiama. Unadaiwa kwenye bajeti, kwa hiyo barua yenu ifike kabla bajeti haijafungwa.

Hatua ya 7: Zebaki itoke jikoni

Hakuna mgahawa utakaosimama jirani na mtu anayechoma dhahabu kwenye kikaango. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, ila mkataba hautazuia moshi. Tengeni eneo moja la kuchomea, mbali na nyumba na upande upepo unakoelekea, lenye kifaa cha kunasia mvuke. Maji ya visima vilivyo karibu na marundo ya marudio yapimwe kabla hayajapikiwa chochote cha kuuza.

Hatua ya 8: Anzeni na fremu sita

Chagueni fremu sita zinazopakana, zile ambazo wenyewe wamesaini. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama huleta wageni, na wakija Buhemba kusikiliza muziki wa litungu na kuona mgodi wa zamani, karibuni sana. Ila fremu hizi zipangwe kwa ajili ya anayetoka duarani saa kumi na mbili jioni na mfuko wa vumbi: bafu la kulipia, chakula, fundi, duka la matimba na mipira, wakala wa pesa, kinyozi. Siku ya kuchimba mtaro kila nyumba ilete jembe moja. Mama ntilie wa hatua ya kwanza apike, alipwe kutoka mfuko wa kamati, na daftari lirudishwe pale kwenye benchi lake.