Lebo za Mimea ya Umatengo na Wanaojitolea Kuzisoma

Mnamo mwaka 1955 na 1956, wataalamu wawili wa mimea kutoka Bustani ya Kew, Uingereza, Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor, walikusanya mimea katika Wilaya ya Songea, wakapanda hadi milima ya Umatengo. Sampuli zilikaushwa, zikabandikwa kwenye karatasi ngumu na kupewa lebo yenye namba, tarehe, mahali, mwinuko na mazingira ya mmea. Seti moja ipo Kew, na nakala zake zimegawanywa katika hifadhi nyingine, ikiwamo ya Nairobi. Kwa miongo mingi, mfamasia wa Mbinga aliyetaka kuziona hakuwa na njia ila kusafiri.

Kwa nini mfamasia azitake? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, wanawake wapatao mia moja waliotumia dawa za mitishamba za kupunguza uzito waliharibika figo. Mmea uliokusudiwa, Stephania tetrandra, ulikuwa umebadilishwa na Aristolochia fangchi, kwa kuwa majina yake ya Kichina yanakaribiana. Huu wa pili una asidi ya aristolokia, ambayo huharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Hatari hiyo ipo popote jina moja la kienyeji linapobeba mimea miwili, na sioni sababu ya kudhani kwamba Umatengo umesalimika. Utafiti wa dawa za asili usioweka sampuli katika hifadhi hauwezi kuhakikiwa na mtu mwingine.

Kupiga picha za sampuli ni sehemu nyepesi ya kazi. Ugumu upo katika kusoma lebo, ambazo nyingi zimeandikwa kwa mkono, na Kew pekee ina sampuli zaidi ya milioni 7. Ndipo wanapohitajika watu wa kujitolea. Makumbusho ya Australia yalianzisha DigiVol mwaka 2011. Paris ikafuata na Les Herbonautes, na Bustani ya Meise ya Ubelgiji ina DoeDat. Anayejitolea hufungua picha kwenye kompyuta, akanakili kila kipengele cha lebo, kisha kazi yake huhakikiwa na mwingine kabla ya kuchapishwa bure katika hazina kama GBIF.

Hapa ndipo mwenyeji wa Ruvuma anapomzidi msomaji wa mbali. Lebo ya 1956 ikisema «Songea District», haimaanishi mji wa Songea wala wilaya ya leo: wakati huo wilaya hiyo ilijumuisha Mbinga yote, pamoja na mwambao ambao sasa ni Wilaya ya Nyasa. Anayeweka alama mjini Songea huuhamisha mmea kutoka milimani, mwendo wa takribani kilomita mia moja. Lebo za Kijerumani zina mitego yake: «Sphinxhafen» ni Liuli, na «Wiedhafen» ni Manda. Mwezi huweza kuandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Mwinuko nao huweza kuandikwa kwa futi; futi 5,000 ni kama mita 1,524, lakini zikinakiliwa kuwa mita, mmea wa Umatengo utaonekana umeota juu kuliko kilele cha Mlima Meru.

Uharaka wa kazi hii si wa kubuni. Walter Busse alipita Ungoni mwanzoni mwa karne ya 20, akapeleka sampuli Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 hifadhi ya huko ilipigwa mabomu, na sehemu kubwa ikateketea. Kwa sampuli nyingi za wakusanyaji wa enzi hizo, kilichobaki ni zile nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine.

Lipo jambo moja la kuzuiwa. Mmea adimu wa dawa ukichapishwa pamoja na vipimo kamili vya mahali ulipo, wachimbaji wa mizizi wataufikia kabla ya mtafiti. Kwa mimea ya namna hiyo, inafaa kilichapishwe jina la wilaya tu, na vipimo kamili vibaki kwa watunza hifadhi, vikitolewa kwa anayeeleza kusudi lake.