TUKITAKA KUANZA UCHURUZI NA FEZA KIDOGO



Katika vakansi kubwa iliyopita, sisi wanne wa darasa la mwisho tuliunga feza, kila mtu 15.000 FC. Ikawa 60.000 FC. Tukaanza kukaanga mandazi na kuyauzisha sokoni hapa Lulimba. Siku ya tatu mtu mmoja akaja kutuuliza: «Karatasi yenu iko wapi?» Hatukuwa na kitu. Tukaogopa, tukampa 20.000 FC bila risiti. Juma lililofuata akaja mwingine, akasema maneno yaleyale. Mtaji ukaisha. Mmoja wetu alikuwa anategemea faida ile kwa minervali; akachelewa kurudi masomoni majuma mawili. Ndiyo sababu tumechunguza jambo hili, ili wengine wasianguke pale tulipoanguka.

1. Karatasi gani ni ya nani?

Wengi wanafikiri mchuruzi mdogo lazima awe na karatasi zote za kampuni kubwa. Si hivyo. Sheria ya tarehe 8 Agosti 1990 juu ya uchuruzi mdogo inawawekea raia wa inchi kazi hiyo, na inadai patenti. Kwetu pa kuuliza kwanza ni ofisi ya sekta ya Ngandja. Ulizeni bei mbele ya kununua unga, si nyuma yake.

Iko njia nyingine tena. Tarehe 12 Septemba 2012 inchi yetu iliingia OHADA, umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria ya umoja ule ya mwaka 2010 inamjua mtu mwenye kazi ndogo, anayeitwa kwa Kifaransa «entreprenant». Yeye haandikishwi katika daftari kubwa la wachuruzi. Anatangaza kazi yake tu kwa ofisi ya baraza la hukumu inayotunza daftari lile, na kutangaza ni bure. Anapewa namba, ndipo anaanza kazi. Namba hii haimwondolei kodi. Ofisi ile haiko hapa Lulimba, kwa hiyo kinachogharimu ni safari. Mwenye mtaji wa 60.000 FC asiumalize njiani. Atafute kwanza patenti, kisha kazi ikikua aende.

2. Mama na dada zetu

Wasichana walituuliza: mwanamke aliyeolewa anaweza kuchuruza? Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilidai ruhusa ya mume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadilisha: sasa mume na mke wanapaswa kupatana, mmoja na mwenzake. Mambo haya yafundishwe nyumbani, maana wengi hawajayasikia.

3. Kuhesabu

Tufanye mfano. Unga 30.000, mafuta 12.000, sukari 5.000, kuni 3.000: jumla 50.000 FC. Katika 60.000 zinabaki 10.000 za akiba. Tukiuzisha mandazi yote kwa 62.000, faida si 62.000! Ni 12.000. Tukitoa feza ya soko 1.000, inabaki 11.000. Katika hiyo tuweke 3.000 kando kwa patenti ya mwaka ujao. Inabaki 8.000, yaani 2.000 kwa kila mmoja wa sisi wanne. Ni kidogo, lakini ni yetu kweli. Zile 50.000 zirudi kwenye unga. Anayekula mtaji akidhani ni faida atafunga kazi bila kufukuzwa na mtu.

Tuandike kila siku katika kaye moja: feza iliyoingia, imetoka wapi, feza iliyotoka, imekwenda wapi. Hata ile sheria ya OHADA inamdai mchuruzi mdogo daftari kama hili, alitunze miaka 5. Sisi hatukuwa nalo. Ndiyo maana tulipogombana juu ya hasara, hakuna aliyeweza kuonyesha kitu.

4. Mtaji utoke wapi?

Tusikimbilie deni. Mama zetu wanacheza likelemba: kila mmoja anatoa, na mmoja anapokea kwa zamu. Huku Kivu ziko pia MUSO. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo, sanduku jekundu ni la magonjwa na misiba. Jambo zuri ni kwamba hayachanganywi. Mchuruzi naye afanye hivyo: feza ya kazi mbali, feza ya chakula mbali.

5. Akija mtu wa kutoza

Tusimtukane, tusikimbie. Tumuulize kwa heshima: ni kodi gani, ya ofisi gani, na risiti iko wapi? Kodi ya kweli tulipe, maana inatakiwa kujenga soko na barabara. Risiti tuitunze ndani ya kaye. Kama siku ile tungekuwa na patenti na risiti, yule wa pili tungemjibu.

MAULIZO

1. Patenti na namba ya kutangaza kazi zinaachana namna gani?
2. Katika mfano wetu, mtaji ni ngapi, faida ni ngapi?
3. Muulize mama mmoja sokoni: mwaka huu amelipa mara ngapi, na amepewa risiti ngapi? Mlete majibu, tutayasoma pamoja.