Kitanda cha Mtoto Kabla Mtoto Hajafika

Wapendwa wasomaji wa Masese na wa njia zote za kuelekea Busia na Malaba, somo letu la leo haliko barabarani wala mpakani. Limo chumbani mwa mama mjamzito.

Kitanda cha mtoto kinachonunuliwa mtumba huja kimefunguliwa vipande vipande, na mara nyingi mfuko wa skrubu umepotea njiani. Hapo baba hushika nyundo, misumari na waya. Tunamsihi aiweke nyundo chini. Msumari hulegea kadiri mtoto anavyokitikisa kitanda, ilhali boliti ikilegea hukazwa tena. Seremala akipima matundu, atapata boliti zinazoingia.

Kabla ya kulipa, tazama nafasi kati ya fito za ubavuni. Isizidi sentimita 6. Asiye na rula na achukue mkebe wa soda: ukipenya, kitanda hicho hakifai. Sababu ni kwamba kiwiliwili cha mtoto mchanga ni chembamba kuliko kichwa chake. Miguu hutangulia kupenya, kisha kiuno, kisha kifua. Kichwa hukwama, naye hana nguvu za kujirudisha. Wala hapigi kelele. Godoro nalo libane: vidole zaidi ya viwili vikiingia kati yake na ubao, usizibe pengo kwa nguo, kata godoro jingine.

Vipo pia vitanda ambavyo ubavu mmoja hushushwa na kupandishwa. Marekani ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2011, baada ya watoto kufa wakinaswa pale ubavu ulipochomoka. Sisi hatushauri ukichukue hata ukipewa bure.

Wapo kati yetu wanaoona ni mkosi kusimamisha kitanda kabla ya uzazi. Hatubishani nao. Wakiunge mwezi wa nane, wakitikise, wakifungue tena, na boliti zote zifungwe kwenye mfuko mmoja uliofungiwa fremu. Lakini rangi ipakwe mapema, harufu iishe.

Kitanda kikae mbali na dirisha, kamba za pazia na nyaya za kuchajia simu. Jiko la mkaa lisiwake kabisa katika chumba kilichofungwa. Mtoto alale chali, bila mto wala blanketi zito, ndani ya chandarua kilichochomekwa pande zote.

Sasa la kipolisi. Mdai muuzaji risiti yenye jina lake na namba ya simu, na ukiingiwa na shaka, mwone mwenyekiti wa LC1 kabla hujatoa fedha. Anayepokea mali huku akijua imeibwa hutenda kosa la jinai, hata kama mali yenyewe ni ya mtoto. Ukiona mali ya wizi ikiuzwa, piga 999 au 112.

Mtoto akianza kuketi, shusha kitako cha kitanda hadi tundu la chini, nawe ukaze boliti upya.